Mengineyo Ni Nani?

Jumapili baada ya kanisa, Kasyoki alikaa mlangoni akimsuka binti yake Mwelu. Mkokoteni wa maji ukapita. Walinunua mitungi mitano, kama kila siku. Mtungi mmoja shilingi thelathini. Nyumba yao ya kupanga hapo Kitengela ilikuwa na mfereji, lakini maji yake yalitoka kisimani na yalikuwa na chumvi. Sabuni haikutoa povu, na chai ilikataa kuwa chai. Basi maji matamu yalinunuliwa, mwenye mkokoteni akalipwa mkononi, na hakuna aliyefikiria jambo hilo tena.

Mumewe, Kiema, alikuwa ndani amenyoosha miguu. Kiema ni fundi wa mageti. Wiki nzima huchomelea chuma kando ya barabara ya Namanga. Hulipwa kwa simu, leo elfu mbili, kesho kutwa elfu tatu, kulingana na kazi, na pesa hiyo humtumia mke wake aitunze. Kasyoki hushona nguo katika kiwanda kimoja cha Athi River. Yeye hulipwa benki, mwisho wa mwezi, shilingi elfu kumi na nane na mia tano. Wakijumlisha, wanapata kama elfu thelathini na nane kwa mwezi. Si pesa nyingi, lakini pia si mchezo.

Na walikuwa na ploti. Au tuseme walikuwa na nusu ya ploti, kwa sababu walikuwa wakiilipa polepole. Ilikuwa Kisaju, katika shamba la Mzee Saning'o. Walitanguliza pesa ya ng'ombe wawili walioachwa na marehemu baba yake Kiema. Salio lilikuwa la miezi ishirini na minne, elfu kumi kila mwezi. Miezi kumi na miwili walilipa bila kukosa. Kisha wakakosa mmoja. Kisha wakakosa wa pili.

Mkataba ulisema wazi. Wakikosa miezi mitatu mfululizo, ploti inarudi kwa mwenyewe, nao wanarudishiwa nusu tu ya pesa yao. Kiema alikuwa akiota juu ya ile ploti hata akiwa macho. Alijua mlango utakaa wapi. Alijua geti litakuwa la rangi gani. Sasa mwezi wa tatu ulikuwa unakuja, tarehe tano, na mfukoni kulikuwa na shilingi elfu moja tu.

Pesa ilikuwa inaenda wapi? Hapo ndipo Kasyoki alipokuwa amekwama. Hawakuwa walevi. Hawakununua makochi. Lakini kila tarehe ishirini ikifika, walikuwa wanakopa kwenye simu ili wapate unga.

Evalyne, mwenzake wa kiwandani, alimwonyesha programu ya bajeti ya kuweka kwenye simu. "Inasoma meseji za benki na za pesa ya simu," Evalyne alisema. "Halafu inakuambia pesa yako imekulwa na nini." Kasyoki akaiweka. Ilipomuuliza lugha, akachagua Kiswahili. Hakumwambia Kiema. Si kwa ubaya. Alitaka kwanza aone kama inafanya kazi.

Ile Jumapili, Kiema alichukua simu ya mke wake aone saa. Meseji ikaingia machoni pake. Ilisema: "Mwezi uliopita ulitumia Sh 17,200 kwa Mengineyo."

Akaisoma mara mbili. Akairudisha simu mezani polepole.

Jumatatu hakunywa chai. Akasema hana njaa. Jioni alikula akiangalia ukuta. Jumanne hivyo hivyo. Kasyoki akafikiri labda ni jino. Masikini, hakujua kwamba mume wake alikuwa anameza wivu mkavu bila maji.

Jumanne jioni, Mwelu akiwa anafanya kazi ya shule, Kiema alikohoa.

"Mama Mwelu."

"Naam."

"Mengineyo ni nani?"

Kasyoki akamwangalia. "Ati nani?"

"Usijifanye. Mengineyo. Ni mtu wa wapi? Jina lenyewe si la Ukambani. Ni Mmeru? Ni wa Kongo?"

"Baba Mwelu, unasema nini?"

"Nasema elfu kumi na saba na mia mbili. Mimi nachomwa na moto mchana kutwa, ploti inapotea, na wewe unamtumia Mengineyo elfu kumi na saba."

Hapo Kasyoki akaelewa, akacheka. Lilikuwa kosa kubwa. Alicheka mpaka akashika meza, na kila akicheka uso wa Kiema ulizidi kukunjamana. Mwelu ndiye aliyeokoa jahazi.

"Baba, mengineyo si mtu," alisema. "Ni kama kusema vitu vingine. Mwalimu hutuandikia hivyo: vitabu, kalamu na mengineyo."

 Kiema akavuta kikombe cha chai kilichokuwa mbele yake, akanywa chote. Roho yake ilitulia. Lakini aibu haipendi kukaa bila kazi, na mara moja ikageuka swali.

"Kama si mtu, basi hiyo pesa imeenda kwa vitu gani?"

Kasyoki akamwonyesha. Nyumba elfu tisa. Shule elfu nne. Chakula cha dukani elfu saba na mia tatu. Ploti sufuri. Mengineyo elfu kumi na saba na mia mbili.

"Hivyo vingine ni wewe," Kiema alisema. "Wewe ndiye uko na simu ya kutoa toa pesa."

"Mimi? Nani ananiambia kila asubuhi, Mama Mwelu nitolee mia tatu? Hiyo Mengineyo ni wewe!"

"Ni wewe!"

Mwelu aliacha kuandika. Wazazi wake waliona kalamu imesimama, wakaacha kubishana. Usiku ule Kasyoki alilala na uchungu, maana hata yeye hakujua pesa ilikoenda.

Siku ya pili meseji ilitoka kwa Resian, binti wa Mzee Saning'o. Yeye ndiye hushika vitabu vya baba yake. Aliandika kwa adabu: malipo ya huo mwezi wa tatu ni tarehe tano, tafadhali wasisahau mkataba. Jumamosi Kasyoki na Kiema wakaenda Kisaju kuomba waongezewe muda.

Resian ana duka la dawa na chakula cha mifugo. Walimkuta anapimia mteja chumvi ya ng'ombe.

"Sopa, Resian," Kasyoki alimsalimia kwa Kimaasai.

"Epa, Mama Mwelu. Karibuni. Baba Mwelu, kaa hapo kwa gunia, halina shida."

Wakaeleza shida yao. Resian alisikiliza bila kuwakatiza. Kisha akasema, "Baba hatabadilisha karatasi. Ameuzia watu wengi, akikubalia mmoja itabidi akubalie wote. Lakini someni karatasi vizuri. Inasema miezi mitatu mfululizo. Mkilipa huu wa tatu kwa wakati, mkataba unaendelea. Ile miwili tunaisukuma mwisho."

"Huo wa tatu ndio hatuna," Kiema alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Na hatujui kwa nini hatuna."

Kasyoki akatoa simu, akamwonyesha Resian ile programu. Akamwambia mpaka ile habari ya Mengineyo kuwa Mmeru. Resian alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Kiema naye akaangalia viatu vyake.

"Sasa nikuulize, Baba Mwelu," Resian alisema alipotulia. "Baba yangu ana ng'ombe zaidi ya hamsini. Jioni wakirudi, unafikiri anawahesabu moja, mbili, tatu?"

"Si ndiyo?"

"Hapana. Kwetu kuhesabu ng'ombe kwa kidole si vizuri. Yeye anasimama kwa mlango wa boma anaangalia. Nanyokie ameingia, yule mwekundu. Narok ameingia, yule mweusi. Yule wa pembe moja je? Papo hapo anajua nani hajarudi, na mtu anatumwa kumtafuta. Sasa fikiria kama angewaita wote ng'ombe wengineo. Angejua aliyepotea?"

"Asingejua," Kiema alisema.

"Basi pesa yenu haina majina. Ndiyo maana inapotea na hamuoni." Resian akagonga kioo cha simu kwa ukucha. "Hii programu haina makosa. Inaona pesa ikipita benki na ikipita kwa simu. Lakini ukitoa elfu moja kwa ajenti, inaingia mfukoni, giza. Programu inasema, mimi sijui ilienda wapi. Inaandika mengineyo. Ni wewe unafaa kuiambia."

Akawaonyesha. Alifungua mahali pa majina, akafuta jina moja la Kiswahili cha vitabuni, akaandika Maji. Chini yake akaandika Michango. Kisha Chai ya Kazi. Kisha Nauli.

"Ongezeni yenu. Na uandike pale pale unapolipa. Ukingoja jioni umesahau."

"Na pesa ya ploti?" Kasyoki aliuliza.

"Hiyo msiichanganye na ya sukuma wiki. Nenda benki yako, fungua akaunti ya pili, ya kuweka tu. Kwanza uliza ada, benki hazifanani. Halafu uwape agizo: mshahara ukiingia, elfu kumi zihame zenyewe siku hiyo hiyo. Mkibaki na kidogo, mtajua ni kidogo, mtakula kidogo. Na kitu kimoja, Mama Mwelu. Namba yako ya siri usimpe mtu. Hata mimi. Programu ikikuomba namba ya siri ya benki, ifute."

Kiema akatoa simu yake mfukoni. Ilikuwa mulika mwizi, ya vifungo, na tochi kwa juu. "Hii yangu haiwezi programu. Na pia, Resian, mwanaume mzima niandike mandazi?"

"Baba yangu ni mwanaume mzima, na anamjua hata ndama aliyezaliwa jana." Resian hakutabasamu. "Wewe ukipima chuma unaandika na nini?"

"Na chaki."

"Basi andika na chaki."

Kila mtu anaijua ile methali, mali bila daftari huisha bila habari. Kuijua ni rahisi. Kazi iko kwa kulishika daftari.

Jumatatu ile Kiema alichukua chaki yake akaandika kwenye bati alilokuwa analikata: chai 20, mandazi 30. Mwenzake Wanyonyi akacheka siku nzima. Jioni Kiema alimsomea Kasyoki, na Kasyoki akaingiza kwenye simu. Jumatano akaandika tena. Alhamisi mteja wao, Madam Elsie, akapiga simu.

"Fundi, geti nimelipokea, ni zuri. Lakini mbona limeandikwa mandazi thelathini?"

Tangu siku hiyo Kiema aliandika kwenye mlango wa kibanda.

Wiki ya kwanza haikuwa tamu. Kasyoki alisahau mara nne. Kiema alificha soda mbili, kisha dhamira ikamsuta akazitaja. Lakini Jumamosi, walipokaa pamoja na simu katikati ya meza, Mengineyo alianza kuvua nguo zake moja moja.

Kwanza ulikuja mkopo wa simu. Walikuwa wanakopa mia tano, wanalipa, wanakopa tena, na kila siku ya deni ilikuwa na ada yake. Kasyoki alirudi nyuma akasoma meseji za mwezi uliopita. Ada peke yake ilikuwa elfu moja na mia moja na hamsini. Akaona pia ile mia tatu ya kila asubuhi. Kila wakitoa, walikatwa karibu shilingi thelathini. Walikuwa wananunua pesa yao wenyewe.

"Tutoe mara moja kwa wiki," Kasyoki alisema. "Tuweke kwa kopo."

"Na ni nani atalinda kopo?"

"Mwelu. Yeye hana huruma."

Kisha maji. Mitungi mitano kila siku ilikuwa shilingi elfu moja na hamsini kwa wiki. Kiema hakuamini, akahesabu tena kwa vidole. Mwelu akasema wao hupiga deki kwa maji ya kununua, na kuosha choo kwa maji ya kununua, na mfereji wa chumvi uko pale unawaangalia. Kuanzia siku hiyo maji matamu yakawa ya kunywa, kupika na kuoga tu. Mitungi mitano ikawa mitatu.

Lakini lililowachoma zaidi ni michango. Kila mmoja wao alikuwa kwenye makundi yake: ya kanisa, ya kijiji, ya kiwanda, ya mafundi. Huku arusi, huku hospitali, huku mazishi. Kasyoki alisoma meseji kwa sauti. "Mazishi ya Mzee Ngigi, mia tano. Hii ni mimi, kwa kundi la kanisa."

Kiema akakuna kichwa. "Mzee Ngigi yule wa kuuza makaa?"

"Huyo huyo."

"Mimi pia nilitoa mia tano. Kwa kundi la mafundi."

Wakaangaliana. Nyumba moja ilikuwa imemzika mzee mmoja mara mbili. Walirudi nyuma kwenye meseji za simu zote mbili wakakuta arusi mbili na bili moja ya hospitali, zote zimelipwa na wote wawili, kila mmoja kimya kimya akiogopa mwenzake atasema anamwaga pesa.  Kwa miezi miwili alimwona mume wake kama mtu anayekula pesa gizani. Kumbe alikuwa anasaidia watu, kama yeye tu.

"Tusiache kutoa," alisema. "Hata sisi tutazikwa."

"Tutatoa," Kiema alisema. "Lakini nyumba moja, bahasha moja."

Wiki iliyofuata Kasyoki alifungua akaunti ya pili, na Kiema akaipa jina Ploti. Mwisho wa mwezi mshahara wa Kasyoki uliingia. Dakika chache baadaye simu ililia tena: elfu kumi zimehama kwenda akaunti ya pili. Kasyoki aliyaangalia yale maandishi kama mtu anayeangalia mtoto amelala.

Tarehe mbili, waya wa mashine ya Kiema ya kuchomelea ukaungua. Waya mpya ulikuwa elfu mbili na mia tatu. Bila mashine hakuna kazi. Kiema alikuja nyumbani mchana, amejaa masizi.

"Tuchukue kidogo kwa ile ya ploti," alisema. "Kidogo tu. Nitarudisha kesho kutwa."

Maneno hayo Kasyoki aliyajua. Ndiyo yaliyokula ule mwezi wa kwanza. Ndiyo yaliyokula wa pili. Lakini mtu aliyesimama mbele yake hakuwa mjinga wala mwongo. Alikuwa anataka kufanya kazi.

"Ile inaitwa Ploti," alisema polepole. "Wewe mwenyewe uliiita hivyo. Huwezi kumchinja Nanyokie halafu useme ni Narok."

 Kasyoki akachukua kopo, akamwita Mwelu. Mwelu akahesabu. Ile pesa ya mitungi miwili ya kila siku ilikuwa humo. Mia tano ya mchango wa pili, ambao safari hii haukutoka, ilikuwa humo. Ada za mkopo ambazo hazikulipwa zilikuwa humo. Elfu mbili, mia sita na hamsini.

Kiema alishika zile noti kwa mikono yake myeusi, akatoka nazo. Alinunua waya. Chenji akairudisha kwenye kopo yeye mwenyewe, na Mwelu akaiandika.

Tarehe tano asubuhi Kasyoki alilipa Kisaju kutoka akaunti ya pili. Jibu la Resian lilikuwa fupi: "Nimepokea. Ng'ombe ameingia bomani."

Haikuwa rahisi kila mwezi. Mwezi mmoja Kiema alikosa kazi wiki mbili, wakala githeri, mahindi na maharagwe, kila siku mpaka Mwelu akaiita mjomba. Lakini kila Jumamosi walikaa na simu na kopo, na elfu kumi hazikukosa tena. Ile programu iliendelea kuleta meseji yake. Mengineyo elfu tatu. Mengineyo mia tisa. Siku moja ikaandika Mengineyo mia moja na themanini, na Kiema akasema, "Huyo mtu amekonda. Labda ni mgonjwa."

Mwaka ulipoisha, deni likaisha. Wakaenda Kajiado kwa wakili kuandikisha ploti. Mzee Saning'o alikuwepo na fimbo yake, na Resian na vitabu vyake. Karani wa wakili, kijana anayeitwa Dennis, alifungua fomu.

"Majina ya wenye ploti?"

"Kiema Mutunga," alisema Kiema. "Na Kasyoki Mbithe."

Dennis aliandika. Kasyoki alimgeukia mume wake. Hawakuwa wamezungumza juu ya jina lake kuwekwa pale. Macho yalimjaa machozi, akajifanya anatafuta kitambulisho kwenye mkoba.

"Kuna jina lingine?" Dennis aliuliza.

Kiema akamtazama mkewe, akakohoa kama ile Jumanne.

"Ni hao wawili tu," alisema. "Mengineyo hana shamba hapa."